Soketi mpya ya pini 72 kwa ajili ya NES: inafanya kazi, lakini isiwe hatua ya kwanza

Mmiliki wa Nintendo Entertainment System, ile mashine ya kijivu ya michezo ya video ambayo wengi huiita NES, hatimaye hukutana na taa nyekundu inayowaka na kuzimika mfululizo huku televisheni ikionyesha rangi tupu. Akiuliza afanye nini, karibu kila mtu humjibu kwamba anunue soketi mpya ya pini 72, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea kaseti ya mchezo. Soketi hiyo hutengenezwa na viwanda mbalimbali visivyo na uhusiano na Nintendo, na kwa kawaida huuzwa kwa chini ya dola 15 za Marekani kabla ya gharama za usafirishaji. Ndiyo ninayoitathmini hapa, baada ya kuifunga kwenye mashine zaidi ya moja na kuilinganisha na soketi za asili zilizosafishwa. Maoni yangu ni kwamba inatimiza kazi yake, ila mara nyingi hununuliwa kuondoa tatizo ambalo lingeondoka kwa maji ya moto, na huja na usumbufu wake ambao wauzaji hawautaji.

Ili kuihukumu kwa haki, ni lazima kwanza kufahamu soketi ya asili inavyofanya kazi. NES ilianza kuuzwa Marekani mwezi Oktoba 1985, ikiwa imetokana na Family Computer iliyotoka Japani mwezi Julai 1983 chini ya usimamizi wa mhandisi Masayuki Uemura. Kaseti za mashine ile ya Japani huchomekwa kwa juu, bila makuu. Lakini soko la Marekani lilikuwa limeporomoka mwaka 1983, na wenye maduka hawakutaka tena kusikia habari za michezo ya video. Kwa hiyo Nintendo iliipa mashine yake umbo la deki ya video, yenye mlango wa mbele ambamo kaseti huingizwa kwa ulalo, kisha hushindiliwa chini pamoja na trei yake hadi inase. Umbo hilo lilisaidia kuiuza mashine, lakini ndani yake ndimo tatizo lilimozaliwa. Soketi ina safu mbili za pini zilizopinda kidogo. Kaseti inapoingia huzigusa kwa wepesi, na inaposhindiliwa ndipo inapokaza dhidi yake. Chuma chembamba kinachokandamizwa namna hiyo kwa miaka mingi hupoteza msukumo wake, na vumbi, mafuta ya vidole na kutu humalizia kazi.

Hata hivyo, pini chafu peke yake zisingeifanya taa iwake na kuzimika. Hiyo ni kazi ya chipu iitwayo 10NES, ambayo Nintendo iliiweka ili kuzuia kaseti zisizo na idhini yake. Kuna chipu moja ndani ya mashine na nyingine ndani ya kila kaseti yenye idhini, na hizo mbili huzungumza bila kukoma tangu mashine inapowashwa. Mazungumzo yakikatika, chipu ya mashine huiwasha upya mashine nzima karibu mara moja kila sekunde, na taa hufuata mdundo huo. Mazungumzo yenyewe hupita katika pini nne tu kati ya zile 72, nazo zipo karibu na mwisho mmoja wa soketi. Kwa maneno mengine, mashine inaweza kuwa nzima, kaseti nzima, na pini nyingine zote zikigusana vizuri, lakini pini moja kati ya hizo nne ikifunikwa na uchafu, hakuna kitakachoonekana. Kinyume chake, pini kumi zinaelekea kwenye tundu la upanuzi lililo chini ya mashine, ambalo Nintendo haikuwahi kutoa kifaa chochote cha kulitumia, na zingeweza kuharibika zote bila mchezaji kutambua.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kutoa hata senti, msomaji anapaswa kuitazama mashine yake kwa makini. Taa ikiwaka na kuzimika, mawasiliano ya chipu mbili yamekatika. Taa ikitulia lakini skrini ikabaki na rangi moja, chipu zimeelewana ila baadhi ya njia za data hazipiti. Picha ikitokea ikiwa imevurugika, herufi zikiwa zimechanganyika na vipande vya ukuta na mawingu, njia za picha ndizo zenye hitilafu. Na taa isipowaka kabisa, soketi haihusiki, tatizo ni umeme, na ye yote anayemuuzia mtu soketi kwa dalili hiyo anamlia fedha yake bure. Vilevile kaseti zijaribiwe kadhaa: ikishindwa moja na nyingine zikacheza, mgonjwa ni kaseti.

Jambo ambalo watu wengi hulisahau, na ambalo maelezo ya wauzaji huliruka kabisa, ni kwamba soketi hii ina pande mbili. Upande wa mbele hupokea kaseti, na upande wa nyuma huvaa ukingo wa bodi kuu ya mashine. Haikulehemiwa popote, imechomekwa tu, na ndiyo maana hata asiye fundi anaweza kuitoa. Mtu huweza kusafisha kaseti zake zote hadi zing'ae, akasugua pini za mbele, na taa bado ikaendelea kuwaka na kuzimika kwa sababu ukingo wa bodi, ambao haujaguswa tangu mashine ilipotoka kiwandani, umefunikwa na ukungu mweusi. Anaponunua soketi mpya na kuichomeka, ile kuichomeka tu hukwangua ukungu huo, mashine inapona, na sifa zote zinakwenda kwa soketi. Nina hakika kwamba sehemu kubwa ya sifa nzuri za bidhaa hii imepatikana kwa njia hiyo.

Tukija kwenye bidhaa yenyewe, soketi huja ndani ya mfuko wa plastiki bila maelekezo yoyote. Umbo lake linafanana sana na la asili, na matundu yake ya skrubu hukaa mahali pake. Kazi ya kuifunga haihitaji zaidi ya bisibisi ya nyota na meza yenye nafasi. Mashine hugeuzwa chini juu, zinatolewa skrubu sita za kifuniko, kisha bamba la chuma la kukinga mawimbi, kisha skrubu zinazoshika trei na bodi. Trei huvutwa mbele, bodi huinuliwa, na soketi huteleza ikatoka kwa kuvutwa taratibu kutoka pande zote mbili kwa zamu. Skrubu zina urefu tofauti, kwa hiyo inafaa kuzipanga kwa utaratibu zilivyotoka. Kabla ya kuchomeka soketi mpya, ukingo wa bodi usafishwe kwa spiriti kali, ile isiyo na maji mengi, na kifutio cha penseli ikibidi, hadi kitambaa kibaki cheupe. Asiyekuwa na haraka hatapata shida yoyote hapa.

Matokeo ya kwanza huwa ya kufurahisha. Mashine iliyokuwa haichezi kaseti yoyote hucheza mara ya kwanza, picha imetulia, na mtu hujiona fundi. Kwa kipimo hicho, bidhaa inastahili sifa.

Baada ya hapo ndipo unakuja mshiko. Pini za soketi hizi mpya zimepinda kwa ndani zaidi kuliko za asili, na zinaibana kaseti kwa nguvu isiyo ya lazima. Kaseti huingia kwa kusukumwa na hutoka kwa kuvutwa kwelikweli, huku mkono mwingine ukiwa umeishika mashine isije ikafuata. Soketi ya asili ilibuniwa ili kaseti iingie bila kutumia nguvu na ikazwe baadaye na trei. Hii mpya inakaza tangu mwanzo, kiasi kwamba trei haina tena kazi. Katika mashine moja niliyoifunga, kaseti ilicheza vizuri ikiwa juu, na ikishindiliwa chini taa ilianza kuwaka na kuzimika. Anayemrithisha mtoto mashine hii na kumfundisha kushindilia kaseti kama sisi tulivyofundishwa, atalazimika kumfundisha upya.

Kubanwa huko si kero tu ya mkono. Kila kaseti inapoingia na kutoka, pini zinakwangua sehemu zake za mguso, na baada ya muda mistari huonekana kwa macho. Soketi ni kitu cha bei ndogo kinachoweza kubadilishwa tena. Kaseti ya mwaka 1987 haina mbadala wa namna hiyo. Baadhi ya watu hushauri kuilegeza soketi mpya kwa kuingiza na kutoa kaseti mara nyingi mfululizo. Ushauri huo unafanya kazi, ila unalipwa kwa kaseti, na kama ni lazima kuufuata basi itumike kaseti ya mchezo usio na thamani, iliyosafishwa kwanza ili isipeleke uchafu kwenye pini mpya.

Kasoro ya pili ni kutofanana. Viwanda ni vingi, mifuko haina majina, na soketi mbili zilizonunuliwa kwa bei moja kutoka kwa wauzaji wawili zinaweza kutofautiana sana. Moja niliyoipokea ilikuwa na pini zilizopangika vizuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nyingine ilikuwa na pini za pembeni zilizosimama chini kidogo kuliko wenzake, na kwa kuwa pembeni ndiko zilipo zile nne za mazungumzo ya chipu, mashine ilirudia tatizo lilelile ambalo soketi ilinunuliwa kuliponya. Kwa hiyo soketi ikifika, iinuliwe mbele ya mwanga na kutazamwa kwa ulalo: pini zote zinapaswa kuonekana kama mstari mmoja. Isipokuwa hivyo, irudishwe kabla ya kufungwa, maana muuzaji akiona alama za skrubu atakuwa na la kusema.

Dhidi ya bidhaa hii kuna mpinzani asiyeuzwa popote, ambaye ni soketi ile ile ya zamani iliyochemshwa. Maelezo haya huwashangaza wengi, lakini plastiki yake huvumilia maji yanayochemka bila kupinda, na joto hulegeza mafuta na uchafu ambao brashi haiwezi kuufikia kati ya pini. Soketi huwekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika chache, hutolewa, huingizwa na kutolewa kaseti safi au kipande cha bodi chenye unene uleule, kisha hurudishwa tena kwenye maji. Baadaye huachwa ikauke kabisa, mbele ya feni au usiku kucha, kabla ya kurudishwa ndani ya mashine. Kwa wasomaji wa pwani ningeongeza tahadhari moja: maji ya kisima yenye chumvi yasitumike hata kidogo, kwani yatakauka na kuacha kile kile tunachokikimbia. Maji ya mvua au ya kunywa ya chupa ndiyo yafaayo. Soketi iliyosafishwa hivi haibani kaseti, trei yake inafanya kazi kama ilivyokusudiwa, na gharama yake ni gesi ya kuchemshia maji. Katika mashine nilizozishughulikia, njia hii imetosha mara nyingi zaidi kuliko ilivyoshindwa, na iliposhindwa ilikuwa ni kwa sababu pini zilikuwa zimevunjika au zimelala kabisa. Kuzinyanyua pini zilizolala kwa sindano kunawezekana, lakini pini ikikatika hairudi.

Kuhusu kupuliza ndani ya kaseti, tabia ambayo sidhani kama kuna mchezaji aliyeikwepa, pumzi hubeba unyevu, na unyevu huleta kutu. Kaseti ilionekana kupona kwa sababu ilitolewa na kuingizwa tena, ikasogea kidogo sana upande huu au ule. Nintendo yenyewe iliandika nyuma ya kaseti kwamba zisisafishwe kwa spiriti, onyo ambalo mafundi wa leo hawalifuati, mimi nikiwemo. Spiriti kidogo kwenye pamba, ikifuatwa na pamba kavu, haijawahi kuniharibia kitu.

Ipo njia ya tatu, ambayo ni kuinyamazisha chipu yenyewe. Mguu wa nne wa chipu ya 10NES iliyo kwenye bodi kuu ukiondolewa kwenye njia yake na kuunganishwa na waya wa ardhi wa bodi, chipu hukoma kuiwasha upya mashine, na taa haitawaka na kuzimika tena. Fundi redio yeyote mwenye pasi ya kulehemu na mkono mtulivu anaweza kuifanya kazi hii kwa muda mfupi. Inafuta tatizo la zile pini nne, na inaruhusu kaseti za nchi nyingine zipite kizuizi hicho, ingawa mchezo uliotengenezwa kwa mfumo wa televisheni wa NTSC (wa Marekani na Japani) hautakimbia kwa kasi yake halisi ndani ya mashine ya PAL (mfumo wa Ulaya). Lakini haisafishi kitu. Pini nyingine zikiwa chafu, badala ya taa inayocheza mtu atapata taa iliyotulia na picha iliyovurugika, na wapo wanaodhani wamepona kumbe wamebadilisha dalili. Mimi huifanya baada ya kusafisha, si badala yake.

Kabla ya kulaumu soketi, wasomaji walio Tanzania, Kenya na kwingineko kunakotumika umeme wa volti 230 au 240 wanapaswa kuangalia adapta. Mashine nyingi hufika kwetu zikiwa zimetumwa na ndugu kutoka Marekani, zikiwa na adapta yao ya volti 120, ambayo ikichomekwa ukutani moja kwa moja huungua. Habari njema ni kwamba NES si mchaguzi. Adapta ya asili hutoa volti 9 za AC (umeme unaogeuka mwelekeo) kwa ampea 1.3, lakini ndani ya mashine kuna daraja la dayodi linalokubali hata DC (umeme wa mwelekeo mmoja), bila kujali upande wa chanya na hasi. Adapta ya kawaida ya volti 9 za DC yenye uwezo wa zaidi ya ampea 1 na kichwa cha duara cha milimita 5.5 kwa 2.1 inatosha. Kirekebishi volti cha ndani ni 7805, kipande ambacho hupatikana kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki ya Kariakoo au Luthuli Avenue kwa bei ya soda. Onyo ni kwa wenye Family Computer ya Japani: hiyo inahitaji volti 10 za DC zenye hasi katikati, na ikichomekwa adapta ya AC ya NES huharibika.

Jambo hili linanipeleka kwenye swali ambalo mnunuzi wa Afrika Mashariki anapaswa kujiuliza kabla ya kuagiza: je, mashine niliyonayo ni NES kweli? Mashine nyingi tulizozichezea utotoni, zile za maduka ya mjini zenye kaseti za rangi na mamia ya michezo iliyojirudia, zilikuwa nakala za Family Computer. Kaseti zake zina pini 60, hazina chipu ya kufunga, na taa yake haiwezi kuwaka na kuzimika kwa sababu tuliyoieleza. Soketi ya pini 72 haitaingia humo kwa namna yoyote. Vivyo hivyo haitaingia kwenye NES ya mwaka 1993 inayopokea kaseti kwa juu, ambayo Nintendo iliitoa bila chipu ya kufunga.

Vipuri vya asili havitarajiwi tena. Nintendo ilisitisha utengenezaji wa Family Computer mwaka 2003, na mwaka 2007 ikafunga huduma ya kuikarabati nchini Japani, kwa hiyo aliyevunjikiwa pini hana pa kwenda isipokuwa kwa viwanda hivi visivyo na majina, au kwa aina nyingine ya bei kubwa zaidi inayobadilisha soketi pamoja na trei ili kaseti iingie moja kwa moja bila kushindiliwa. Kwa mtu huyo naipendekeza soketi mpya ya pini 72 bila kusita, akijua kwamba itazibana kaseti zake. Kwa mwenye soketi yenye pini zote zilizosimama, napendekeza achemshe kwanza, asafishe ukingo wa bodi, na ajaribu kaseti zake zote. Akishindwa ndipo aagize, na soketi ya zamani asiitupe, kwa kuwa pini zake zilizo nzima zinaweza kuhamishiwa kwenye soketi nyingine ya asili iliyopungukiwa.